Unataka kuwa mwanasaikolojia tiba Uingereza? Pitia mlango wa utafiti wa kidijitali, ila kwanza angalia karatasi zako

Kila Septemba ikikaribia naulizwa swali lile lile, mtu kasoma saikolojia Nairobi au Dar, sasa yuko Uingereza analea wazee kwenye kea homu, anataka kurudi kwenye fani yake. Inawezekana kabisa, ila mpangilio ndo unaowaumiza watu.

Kabla hujalipa hata pauni moja ya ada, angalia hadhi yako ya uhamiaji. Udaktari wa saikolojia tiba, yaani shahada ya uzamivu ya fani hii, huku ni miaka 3, na kwa England NHS, huduma ya afya ya taifa, inalipa ada na inakuajiri kwa mshahara wa Bendi 6, ngazi mojawapo ya mishahara yao, yaani unasoma huku unakula mshahara. Lakini nafasi hizo ni za wanaohesabiwa wenyeji upande wa ada, wenye uraia, makazi ya kudumu au ukimbizi uliokubaliwa kwa mfano, na kozi zinazompokea mtu wa nje anayejilipia ni chache sana. Sasa wakala anakwambia fanya masta tu mengine yatajipa, unamwaga maelfu ya pauni, kumbe visa yako haikuruhusu kugusa hiyo nafasi. Waandikie watu wa udahili wa kozi unayoitaka, uliza hilo swali moja tu, na jibu likae kwenye imeili.

Halafu digrii. Lazima BPS, chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, waikubali digrii yako wakupe GBC, yaani uthibitisho kwamba digrii yako inatosha kuwa msingi wa fani hii. Ikipungua unafanya masta ya kubadilishia fani, mwaka mmoja, na hakikisha yenyewe imeidhinishwa na BPS maana ziko nyingine zina jina zuri tu. Watataka kujua ulisoma nini hasa, kwa hiyo zitafute silabasi zako mapema, na kufuatilia karatasi masijala ya chuo cha nyumbani ukiwa Leeds kunahitaji shangazi mwenye muda na mdomo.

Kwenye uzoefu wa kazi wa kuombea udaktari sasa ndo vita. Wote wanakimbilia kazi ya msaidizi wa mwanasaikolojia, tangazo linatoka asubuhi mchana limeshafungwa. Wengine wanaenda kusomea tiba ya ngazi ya awali kwenye NHS Talking Therapies, huduma ya NHS ya tiba ya mazungumzo, njia nzuri na unalipwa, ila ujue ukimaliza mafunzo hayo kuna miaka 2 ambayo NHS haikulipii mafunzo mengine ya kukuhamisha kwenda fani nyingine ya saikolojia. Watu wanaisahau hii.

Mimi ningekushauri usaidizi wa utafiti, hasa huu wa afya ya akili kidijitali, yaani kupima tiba zinazotolewa kwa programu za simu na kompyuta. Na usidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Mwaka 2020 Tom Osborn, Mkenya aliyesomea Harvard, na wenzake walichapisha jaribio la kikao kimoja tu cha kwenye kompyuta kwa wanafunzi 103 wa Kenya, na baada ya wiki 2 dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliokipata kuliko kwa kundi la kulinganisha. Isome hiyo kabla ya interviu yoyote, ni fupi na utakuwa na la kusema.

Kazi yenyewe ikoje? Asubuhi unafungua dashibodi unaona nani kaingia kwenye programu na nani kaishia moduli ya pili. Walioacha ndo kazi yenyewe, mtafiti wa afya ya mtandaoni Gunther Eysenbach aliliandikia hilo tangu 2005, kwamba kwenye tafiti za intaneti watu kupukutika ni kawaida na inabidi upukutikaji wenyewe uchunguzwe. Basi unapiga simu. Unampata mama, anakwambia programu haina shida mwanangu, ila simu jioni anayo mtoto anafanyia homuweki, sasa nikajibu maswali ya kutaka kujiua yeye yuko pembeni anachungulia? Takwimu zitamwandika tu kuwa "hakuendelea". Kama Kiswahili chako ni cha nyumbani atakwambia mengine zaidi, na timu nyingi hazina mtu wa kuongea naye hivyo, kwa hiyo lugha iandike juu kabisa kwenye CV, usiifiche chini karibu na leseni ya gari.

Na mtu akikwambia kwenye simu hataki tena kuishi, hukati ukaenda kujaza fomu. Unabaki naye hewani, unamtafuta msimamizi papo hapo, unafuata utaratibu wa hatari wa utafiti wenu. Interviu karibu zote wanauliza hili, na jibu la "ningempa moyo" linakumaliza.

Kama huna pa kuanzia, NIHR, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, inawataka watu wa kawaida washauri tafiti, na mara nyingi kuna malipo. Hapo unakutana na watafiti bila kuomba kazi. Kozi yao ya maadili ya utafiti wa kitabibu, ile GCP, ni ya bure kwa wanaofanya utafiti wa afya, kwa hiyo ukishapata nafasi yoyote ifanye wiki ya kwanza.

Maombi ya udaktari mengi yanapitia Clearing House, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya kozi, pale Leeds, yanafunguliwa Septemba na kufungwa Novemba. Wanataka barua mbili za watu wanaokujua, ya chuo na ya kazini. Msimamizi wako mwambie Agosti, maana Oktoba atakuwa na wenzako kumi mlangoni.