Kabla Mustang Yako Haijakutana na Januari ya Minnesota

Vuli ikiingia hapa Minneapolis, bei za magari ya spoti yaliyotumika huanza kulegea, na vijana wetu huona neema imeshuka. Anayeuza anajua anachokikimbia. Kwenye Mustang, gari la spoti la Ford, na wenzake, injini nzito iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kitako ni chepesi na tumbo linakaribia kugusa lami. Gari kama hilo linaweza kuvuka baridi hata kwa mtu wa kipato kidogo, lakini pesa yako ianzie panapostahili.

Kwanza, jiulize kama ni lazima uliendeshe. Kama una mahali pa kulilaza hadi Aprili na unaweza kupata Corolla mkweche ya kuhangaikia, fanya hivyo. Huna? Endelea kusoma.

Betri ipimwe Oktoba, maduka mengi ya spea hupima bure. Baridi hupunguza nguvu yake wakati huohuo injini inataka nguvu zaidi ya kuwaka, na betri iliyoishiwa chaji inaweza kuganda na kupasuka.

Radieta isiwe na maji matupu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na dawa ya kuzuia kuganda hukufikisha karibu nyuzi -37 za Selsiasi. Maji ya kuoshea kioo yawe yale ya baridi, ya kiangazi yataganda kwenye mpira wake.

Upepo wa matairi hupungua kama psi 1, kile kipimo cha upepo cha kwenye geji, kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 au 6. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea.

Sasa matairi yenyewe. Hapa tukae kidogo.

Mpwa wangu alinunua Mustang ya V8, yenye injini ya silinda nane, mwisho wa kiangazi. Akaikagua kama mtu mzima: akalala chini kutazama kutu, akasikiliza injini, akapitisha kidole kwenye matairi. Kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa bado nene, tairi karibu mpya. Nikamwambia atenge pesa ya matairi ya baridi kabla hajanunua kitu kingine. Akanijibu, “Mjomba, theluji haijaanguka hata punje. Ikianguka nitanunua.” Muuzaji naye alikuwa amemwambia kwamba matairi yale ni ya gharama na yatamaliza miaka.

Mapema Novemba, akitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, alipanda njia ya kuingilia barabara kuu ya I-94. Lami kavu, jua limeshachomoza, theluji hakuna. Baridi ilikuwa kama nyuzi -8. Akakanyaga mafuta kidogo ili aingie na wenzake, kitako kikamponyoka, gari likazunguka na kupiga ukingo wa chuma. Rimu ya nyuma ikapasuka, vyuma vinavyoshika gurudumu vikapinda, bampa likabaki linaning’inia. Yeye alitoka mzima, alhamdulillahi. Bima yake ilikuwa ile ya kulipa hasara ya watu wengine tu, kwa hiyo matengenezo yote yalikuwa juu yake, na yalizidi bei ya seti mbili kamili za matairi ya baridi.

Fundi ndiye aliyetufungua macho. Matairi yale yalikuwa ya kiangazi, aina ambayo magari ya spoti mengi hutoka nayo kiwandani. Mpira wake umepikwa kwa ajili ya lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ambazo kwa kipimo cha hapa ni karibu 45 za Farenhaiti, huanza kuwa mgumu na kuacha kushika barabara, hata kama kashata ni nene na lami ni kavu. Hata Michelin, kampuni ya matairi, wanaonya kwamba tairi lao la kiangazi la Pilot Sport 4S lisitumiwe wala hata kusogezwa chini ya nyuzi -7, kwa sababu mpira unaweza kupasuka. Kwa hiyo acha kusubiri theluji. Asubuhi zikianza kuwa chini ya nyuzi 7, badilisha.

Ungedhani hadithi imeisha. Kijana alibana pesa, akanunua matairi mawili ya baridi na kuyafunga nyuma, “kwa sababu ndiyo yanayosukuma.” Kusukuma kweli yalisukuma. Theluji ya kwanza ilipoanguka alifika kwenye kona, akakata usukani, gari likaenda moja kwa moja hadi kwenye lundo la theluji, maana matairi ya mbele, yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki, yalikuwa bado ya kiangazi. Funga manne au baki nyumbani.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, tafuta seti iliyotumika ikiwa tayari kwenye rimu zake. Rimu ndogo zaidi kwa inchi moja au mbili hupunguza bei ya tairi, na tairi jembamba hukata theluji vizuri kuliko pana. Lakini zijaribu kwanza: Mustang yenye breki kubwa za kampuni ya Brembo huenda isikubali kabisa rimu ya inchi 17. Tazama ubavuni mwa tairi alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi. Tafuta pia tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu ni gumu hata likiwa halijatembea.

Mifuko ya mchanga kwenye buti inasaidia ikikaa karibu na ekseli ya nyuma na ikifungwa isitembee. Usijaze hadi pua ya gari itazame mbinguni. Ukiondoka kwenye taa, gari la gia za mkono liondoe kwa gia ya pili. Kama lina hali ya kuendeshea kwenye theluji, itumie, ila ujue kompyuta haiwezi kuongeza mshiko ambao tairi halina.

Vioo vya milango visivyo na fremu hushuka kidogo unapofungua mlango. Vikigandishwa na barafu, usivute kwa hasira, utang’oa mpira. Paka silikoni kwenye mipira ya milango mapema. Ukiegesha gari likiwa limelowa, liache kwenye gia badala ya brekimkono, isije ikagandia usiku.

Jiji likitangaza dharura ya theluji, kuanzia saa tatu usiku huo usiegeshe kwenye barabara zilizotengwa kwa dharura hiyo. Siku inayofuata, katika mitaa mingine, usiegeshe upande wa nyumba za namba shufwa, na kesho yake upande wa namba witiri. Ukipuuza, brekidauni italichukua na utalikomboa kwa pesa ya matairi.

Chumvi ya barabarani hula vyuma, osha tumbo la gari kila baridi inapolegea. Na usiiamini sana: chini ya nyuzi -9 hivi hupungua nguvu, na madaraja huganda kabla ya barabara.

Tanki lisishuke chini ya nusu. Weka ndani koleo, blanketi, glavu, waya za kubusti betri. Ukikwama na injini inaunguruma, toka kwanza ufukue ekzosi, kwani ekzosi ya gari la chini huzibwa upesi, na gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wake huua bila harufu. Simu iwe na chaji. Mtu ajue njia uliyopita. Na kama 511, huduma ya jimbo ya kutoa hali ya barabara, inaonyesha barabara ya kwenda mji wa Duluth imeganda, wapigie wenye harusi uwaambie mchango utawafikia kwa simu.