Kabla hamjafungua loji porini kule Lapland, hesabuni kuni

Mimi na mume wangu tunaendesha loji ya nyumba tatu ndogo za magogo karibu na Ziwa Inari, kaskazini kabisa mwa Ufini, zaidi ya kilomita 250 kupita Duara la Aktiki. Wanandoa wanaotaka kufanya kama sisi hutuuliza kwanza kuhusu mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku, na bei ya kulaza wageni. Hayo yatajipa. Yafuatayo yapangeni kabla ya kutia saini popote.

Nguo nzuri nunueni. Hilo halihitaji maelezo, kwani katika wilaya jirani ya Kittilä kipimo kilishuka hadi nyuzi 51.5 chini ya sifuri tarehe 28 Januari 1999. Vibali ombeni mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali chini ya Metsähallitus, shirika lake la misitu, na hamwezi kupitisha wageni wa kulipa kwa pikipiki za theluji mahali popote mnapojisikia. Mbwa wenu afungwe. Kulungu wa huko, waitwao poro, huzurura huru lakini kila mmoja ana mwenyewe, na wengi wa wenyewe hao ni Wasami, wenyeji wa asili wa huko, ambao mtawahitaji kabla wao hawajawahitaji ninyi. Inari ina lugha rasmi nne, tatu kati yake za Kisami, kwa hiyo jifunzeni walau salamu.

Umeme wa sola ni mzuri kuanzia Machi hadi Septemba. Kuanzia mwanzoni mwa Desemba jua halichomozi kabisa hadi takriban wiki ya pili ya Januari, kipindi ambacho Wafini hukiita kaamos, na paneli hugeuka mapambo ya paa wakati huohuo loji inapojaa wageni. Betri za lithiamu ziwekwe ndani penye joto, kwa kuwa ukizichaji zikiwa chini ya sifuri unaziua.

Sasa tuje kwenye kuni, maana hapo ndipo tulipoumia.

Tulihamia mwezi wa Julai, tukatumia majira yote ya joto kupaka rangi na kupiga picha, na Septemba ilipofika mume wangu akampigia simu muuzaji mmoja na kuagiza kuni za koivu, ule mti wenye gome jeupe. Aliuliza bei tu. Hakuuliza mti ulikatwa lini. Mimi niliyekulia Muheza, niliyepulizia mafiga ya kuni mbichi hadi macho yakavimba, nilizipanga bandani kwa mikono yangu, nikaona zimekuja nzito, nikanyamaza, kwa kuwa nilidhani kuni za Ulaya ndivyo zilivyo. Kisha tukazifunika kwa turubai pande zote, tukaufungia humo unyevu wote. Mti huo ukiwa umekatwa karibuni, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na baridi ikishaingia haukauki tena bandani, unaganda tu.

Desemba ilipokuja na wageni wetu wa kwanza, familia ya watu wanne, nje kulikuwa na nyuzi 34 chini ya sifuri. Kuni ziliingia jikoni zikaanza kuchuruzika. Povu likatoka kwenye ncha zake kama muwa uliotiwa motoni, kioo cha jiko kikawa cheusi, na saa tisa za usiku chumba kilikuwa na nyuzi 11. Tuliwahamishia wageni sebuleni kwetu, tukawarudishia fedha zao. Siku mbili baadaye ulisikika mngurumo ndani ya dohani, kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa umeacha ukutani masizi yenye lami, na sasa lami hiyo ilikuwa inawaka. Tulifunga milango ya hewa, tukapiga 112, namba ya dharura, na tukasubiri zimamoto kwa karibu saa nzima bila kumwaga maji, kwa kuwa maji kwenye dohani iliyowaka huipasua. Nyumba ilisalimika, ila dohani ilipata ufa, na tukabaki tukinunua kuni kavu za magunia zilizosafirishwa kwa lori la dizeli kutoka kusini, kwenye loji tuliyoitangaza kuwa rafiki wa mazingira.

Jirani yetu, mzee mfuga poro, alikuja kutazama. Hakusema neno, alichukua vipande viwili vya kuni zetu akavigonganisha, vikatoa mlio mzito kama wa viazi, kisha akachukua viwili kutoka kwenye sleji yake, kigari cha kuburuzwa juu ya theluji, vikalia kama marimba. Tangu siku hiyo hatununui kuni bila kuzigonga.

Kwa hiyo, mti ukatwe kabla majira ya baridi hayajaisha, upasuliwe kufikia Aprili, kwani gome la koivu halipitishi maji, halafu upangwe mahali penye upepo, ukifunikwa juu tu, hadi Agosti. Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Kifaa cha kuupima bei yake ni ndogo kuliko ya usiku mmoja wa mgeni. Ikiwa mnahamia Julai, basi kuni za mwaka huo nunueni kwa aliyezikausha mwaka uliotangulia. Dohani isafishwe na fundi kila mwaka, hata kama mnaona ni safi.

Choo cha mboji, kinachoozesha kinyesi kiwe mbolea, nacho huacha kufanya kazi baridi ikizidi, basi wekeni ndoo za akiba. Ziwa huganda kuanzia Novemba, lakini msipite juu yake kabla hamjatoboa na kupima unene, na msimfuate mtu kwa sababu tu yeye amepita. Kubalianeni mapema nani anapumzika siku gani, kwa kuwa giza la wiki kadhaa hukuza hata ugomvi wa kijiko. Wekeni pia mafuta ya akiba, kamba, taa ya kichwani kwa kila mmoja, na ufunguo wa pili wa banda la kuni, ambao usiwekwe ndani ya banda la kuni.