Banda la kuku wachache nyumbani: pima kwa kitanda cha tano kwa sita

Mtu akiniuliza kuku 20 wanataka banda la ukubwa gani simpi namba hapohapo, namuuliza kwanza mchana wanashinda wapi. Kuku anayetoka asubuhi akazurura mpaka magharibi, banda kwake ni gesti ya kulala tu. Anayefungiwa mwaka mzima, hilo banda ndo nyumba, ndo choo, ndo jiko, ndo uwanja wa mpira. Huwezi kuwapimia sawa.

Sasa wengi tunapopotea ni hapo kwenye "aah, wangu watakuwa wanatoka". Sawa watatoka, ila si unaijua masika ya Dar, mvua inaweza kupiga siku tatu mfululizo na kuku wamejikunyata ndani hawataki hata kuchungulia, au jirani amekuja juu kwamba wamemfukulia mchicha, au umesikia kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza unaomaliza kuku, kiko mtaa wa pili ukaamua kufungia wote mpaka upepo upite. Siku hiyo gesti inageuka nyumba. Kwa hiyo mimi hesabu yangu yote naipiga kwa siku ya mvua, siku ya jua ni bonasi.

Namba zenyewe hizi hapa. Kienyeji na chotara wakubwa (Sasso, Kuroiler na wenzao) weka 4 kwa kila skwea mita moja ya sakafu, na kama kweli wana uwanja wa kutosha nje unaweza kwenda 5, ukijibana sana 6. Kuku wa mayai wa kisasa wana mwili mdogo, 5 hadi 6 wanakaa bila shida. Broila watu wanaweka 10 kwa sababu wiki ya tano au ya sita wanaondoka, ila joto la Desemba mpaka Februari huku pwani ni jingine kabisa, mimi siwezi kuzidisha 8. Vifaranga mpaka wiki ya nne hata 20 ni sawa, halafu wakishaanza kuota manyoya ya kikubwa nafasi inaisha huku unaiangalia.

Kama skwea mita hazikuingii akilini, fikiria kitanda. Kitanda cha tano kwa sita ni futi za mraba 30, yani karibu skwea mita 2.8, hapo wanakaa kienyeji 11. Cha nne kwa sita ni 8. Sita kwa sita ni 13. Ingia chumbani kwako uangalie kitanda, uwaze kuku 25 juu yake wakila, wakinya, wakigombana, utaelewa kwa nini banda la jamaa yako linanuka.

Pima ndani, sio nje. Fundi akikwambia futi 6 anapima kutoka ukingo mpaka ukingo, ukija kutoa nguzo na mabanzi umeshapoteza sehemu ya kuku mmoja. Na sakafu ninayoisema hapa ni sakafu tupu, ukijaza chini vyombo vya chakula, ndoo ya maji na boksi za kutagia umewaibia wenyewe. Vyombo vining'inize kwa kamba, ukingo ulingane na mgongo wa kuku, chakula hakimwagiki ovyo na chini kunabaki wazi.

Kosa langu mimi lilikuwa lingine. Banda la kwanza nilijenga mita 2 kwa 1 na nusu, skwea mita 3, kuku nilikuwa nao 9, nikajiona mjanja maana mpaka chenji imebaki. Nilihesabu kuku niliokuwa nao. Mitetea watatu wakaanza kulalia mayai ndani ya wiki moja, siku 21 zikapita, vifaranga kila kona, na nilifurahi mno siku hiyo. Walipofika miezi mitatu wale vifaranga wakawa na miguu mirefu na ubishi, asubuhi nafungua mlango naona mkia wa huyu hauna nyoya hata moja, yule ana kidonda mgongoni, na kuku wakishaona damu ndo hawaachi tena, wanadonoa palepale. Nikapoteza wawili kabla sijashtuka kwamba tatizo sio ugonjwa wala lishe, ni msongamano. Maranda ya sakafuni nayo yalikuwa yamelowa muda wote, na unyevu ndo raha ya koksi (ugonjwa wa kuhara damu), vifaranga wakaanza kuharisha damu.

Kwa hiyo kama unaacha watotoe, hesabu idadi ya juu kabisa utakayofika kabla hujaanza kuuza au kuchinja. Mfano una mitetea 8 na jogoo mmoja, hao 9 gawa kwa 4 unapata skwea mita 2.25. Wawili wakitotoa, kila mmoja mwekee vifaranga 8 watakaokua, hao 16 wakiwa wa miezi miwili mitatu wanakaa 8 kwa skwea mita, ongeza 2. Jumla 4.25. Jenga futi 10 kwa 5 ambayo ni kama skwea mita 4.6, umemaliza. Ukiona pesa haitoshi punguza kuku, usipunguze banda, na jogoo wa pili na wa tatu hao ndo wa kwanza kwenda jikoni maana nafasi ndogo na majogoo wengi ni vita kila siku.

Fito za kulalia haziongezi sakafu ila zinaokoa usiku. Kila kuku mpe sentimita 20, wakubwa 25, kwa hiyo kuku 11 wanataka karibu mita 2.5 hivi, fito mbili za futi 5 zinatosha. Ziachane sentimita 30 au zaidi, usizigandishe ukutani, na ziwe kimo kimoja la sivyo kila jioni wanagombania ya juu. Viota vya sentimita 30 kwa 30, kimoja kwa mitetea 4 au 5, vinyanyue kidogo kutoka chini lakini kimo chake kiwe kifupi kuliko cha fito, vikiwa juu kuku watalala humo na mayai yote utayaokota na kinyesi.

Kimo weka futi 6 au 7, sio kwa ajili ya kuku, kwa ajili ya mgongo wako ukifagia na kwa ajili ya joto la bati. Ukuta wa chini futi 2 au 3 uzibe, juu wavu tupu, ila matundu yawe madogo kicheche asipenye, na pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini jua lisiingie ndani mchana kutwa. Banda lisilopitisha hewa hata ukiliweka kuku wachache litakushinda tu.

Uwanja wa nje, kama utazungushia wavu, anza na skwea mita moja kwa kuku, ikipatikana mbili au tatu chukua. Ikiwa moja majani yataisha haraka sana, ubaki na vumbi na matope, utawapelekea majani mwenyewe. Ghorofa nayo kwa wenye viwanja vidogo inawezekana, ila kila ghorofa ihesabiwe kivyake na kinyesi cha juu kisidondokee wa chini.

Ukishajenga, usiku wa kama saa tatu ingia na tochi. Wote wakiwa juu ya fito na ukaona pengo la kuku mmoja au wawili, uko sawa. Ukikuta wengine wamelala chini au wamebebana kwenye kona, wamezidi au fito haitoshi. Halafu alfajiri kabla hujafungua mlango wao, chuchumaa pua iwe usawa wa kuku na uvute hewa. Macho yakiwasha, badilisha maranda leo, ongeza tundu la hewa, na Jumamosi chinja majogoo mawili.