Anza mada ya mwanga kwa tundu la pembetatu

Ukianza kwa kuandika ubaoni "mwanga husafiri katika mstari mnyoofu", wanafunzi watanakili na kusahau. Mimi huanza na kioo cha mfukoni, sentensi hiyo naiacha mpaka waihitaji.

1. Funika kioo kwa karatasi ya manila yenye tundu la pembetatu, upana milimita 5 hivi. Wapitishie walikague.

2. Ziba madirisha kwa kanga, acha mlango wazi. Wakanye wasitazame Jua wala kioo kinapong'aa. Hapo sina utani.

3. Nje juani, mulika kiganja cha mmoja wao kwa karibu kabisa: pembetatu. Sasa simamisha kioo juu ya kigoda kwa bonge la udongo, mwanga upite mlangoni hadi ukutani, mita 10 hivi. Wataona duara lenye upana wa kiganja.

4. Nyamaza, waache wabishane. Atakayesema "mwanga umetawanyika" mwulize mbona haikutokea pembetatu kubwa. Badili tundu liwe mraba. Duara liko palepale. Kwa kawaida ni hapo mmoja huropoka, "Hilo ni Jua!" Ndivyo: miale ya kila nukta ya Jua hupita tunduni ikichora kipembetatu chake ukutani, na vyote vikipandana vinatoa umbo la Jua. Jua likipatwa nusu, utaona hilali. Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra (Iraki ya leo) mnamo 965, aliandika kuhusu jambo hilohilo.

5. Wapime upana wa duara, tena upesi, kwa sababu linatambaa: kwa dakika 2 hivi linakuwa limehama upana wake wote. (Hili huwashangaza kuliko yote, maana wanaiona Dunia ikizunguka.) Wawili wakiweka alama za penseli kwa mpigo mmoja, inatosha. Likiwa na umbo la yai, pima upande mfupi.

6. Sasa wakokotoe kipenyo cha Jua: kwenye upana wa duara toa upana wa tundu, gawa kwa umbali wa kutoka kioo hadi ukuta, zidisha kwa kilomita 150,000,000, yaani umbali wa kutoka Dunia hadi Jua. Wakipata milimita 98, zinabaki 93. Kwa mita 10 (milimita 10,000) ni kilomita 1,395,000. Kipenyo halisi cha Jua ni kama 1,392,000. Wakikosea kwa asilimia 10, usiwasahihishe. Wajitafutie kosa kwenye rula na kamba.

Kazi ya nyumbani: chini ya mwembe, nafasi kati ya majani hazina umbo maalumu. Mbona madoa ya mwanga yaliyo mengi ni ya duara?