Kutumia fonti za mwandiko wa brashi katika kadi za harusi

Fonti ya mwandiko wa brashi huiga mkono unaokandamiza brashi wakati wa kushuka na kuilegeza wakati wa kupanda, hivyo mistari ya kushuka huwa minene na ile ya kupanda huwa myembamba. Brush Script, iliyochorwa na Robert E. Smith kwa kampuni ya American Type Founders mwaka 1942, ni ya kundi hili.

Ukitengeneza kadi ya mwaliko mjini Bukavu, Kongo, ambako kadi nyingi huandikwa kwa Kifaransa, andika kwanza majina ya maharusi pamoja na alama zake zote, kama vile Félicité au Françoise, kwa sababu baadhi ya fonti za bure hazina é wala ç, na programu huziazima kutoka fonti nyingine, jambo linaloharibu sura ya jina zima. Mwandiko huo utoshe kwa majina pekee; tarehe, saa na ukumbi viandikwe kwa fonti ya kawaida. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa, maana hizo hazikuchorwa ili zishikane (nami naona halisomeki hata kwa karibu). Usiongeze nafasi kati ya herufi: mistari inayoziunganisha itakatika. Herufi ikijirudia, kama t mbili za Odette, chagua umbo mbadala kwa mojawapo, ikiwa fonti inalo, ili zisifanane kama muhuri.

Kabla ya kupeleka faili kwa mchapaji, ambaye huenda hana fonti hiyo, geuza maandishi kuwa michoro isiyohitaji fonti, ukihifadhi nakala nyingine inayoweza kusahihishwa.