SOMO: Kuchora kijiji cha ng'ambo ya mto kwa rangi za mafuta, mtindo wa kiimpreshonisti (kunasa mwanga kwa miguso mifupi ya brashi)

Swali la "mbona mto wangu unaonekana kama lami?" limezidi, kwa hiyo naandika mara moja. Mfano wetu ni Villeneuve-la-Garenne, kijiji cha kando ya mto Seine, Ufaransa, alivyokichora Alfred Sisley, mchoraji wa mtindo huo, mwaka 1872. Picha hiyo ni sm 59 kwa 80.5, turubai ya sm 30 kwa 40 inakaribia uwiano huo.

1. Paka turubai kijivu hafifu. Ikauke.
2. Weka alama tatu: ukingo wa huku, ukingo wa ng'ambo, usawa wa mapaa.
3. Miti na kivuli cha mbele: kijani na buluu, nyepesi, kwa tapentaini (kimiminika cha kuzimulia rangi). Nyeusi usiiguse.
4. Nyumba: nyeupe yenye manjano kidogo, nzito. Brashi bapa, gusa mara moja, ondoa mkono.
5. Maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Anza wima: shusha rangi ya kila kitu moja kwa moja chini yake. Ukuta mweupe ukolee kidogo majini, mti wa giza ufifie kidogo. Taswira hushuka wima jua liwe upande wowote. Kinachofuata jua ni kivuli. Rangi ikiwa bado mbichi, pitisha brashi kavu kwa mlalo mara mbili au tatu, kisha ongeza michirizi mifupi ya rangi ya anga. Michirizi ikiinama, mto unamwagika. Ukizidi kusugua, wekundu wa paa unaingia kwenye kijani na unabaki na tope. Likwangue kwa kisu, usilifunike.

Swali: Mkuu, nyeusi ipi nzuri kwa vivuli?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Rangi kwenye picha yangu imepasuka. Rangi feki?
Jibu: Usiisingizie rangi. Umepaka tapentaini tupu juu ya tabaka lenye mafuta mengi. La juu limekauka, la chini bado linacheza. Tapentaini chini, mafuta ya kitani juu.

Swali: Kwa nini nyumba za mbali zinang'aa kuliko miti ya karibu?
Jibu: Swali zuri. Sisley amemsimamisha mtazamaji kivulini, jua akaliacha ng'ambo. Finya macho utazame: giza mbele, mwanga nyuma, mto katikati. Ukitia nyeupe safi kwenye majani ya mbele, nyumba zinazimika.

Swali: Matambara ya kufutia je?
Jibu: Yenye mafuta ya kitani usiyarundike, hujipasha joto hadi yakawaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye kopo la maji lenye kifuniko.