SOMO: Jinsi ya kusuka koili ya vepu mwenyewe, vifaa na mambo ya kuzingatia kwa anayeanza

Wakuu heshima kwenu. Somo hili ni la watu wazima ambao tayari wanavuta vepu na wamechoka kununua koili za pakiti (koili ni kile kiwaya kinachopata moto na kuchemsha likwidi, yaani maji ya vepu) kila baada ya muda mfupi, kama huvuti kabisa pita tu, nikotini huna unachokikosa. Na iwe una tanki au dekki (kitako chenye nguzo za skrubu) ya kufungia waya mwenyewe, zile zinazoandikwa RDA au RTA kwenye boksi, maana vepu za kutupa na podi za kawaida humo hufungi kitu.

Roli moja ya waya ya futi 30 ni kama mita 9, koili moja ukikata sentimita 12 hivi inatosha na inabaki, kwa hiyo hapo una koili zaidi ya 70. Hesabu ya hela fanya mwenyewe.

VIFAA

Waya: chukua Kanthal A1 geji 26 (geji ni unene wa waya), basi. Ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, unavumilia kuchomwa mpaka ukawa mwekundu bila tabu. Nichrome 80 nayo ni nzuri na inapata moto haraka, ila asilimia 80 yake ni nikeli, kama ngozi yako inawashwa na hereni au saa za bei rahisi achana nayo. Nikeli tupu na titani msiguse kwa sasa, hizo zinataka mashine (kile chombo chenye betri na batani) inayodhibiti joto na hazitakiwi kabisa kuchomwa zikawa nyekundu.

Cha kuzungushia: biti ya drili ya milimita 3, unatumia upande wa shingo ulio laini. Zile jigi za kusukia ni nzuri lakini sio lazima.

Vingine ni bisibisi ndogo inayoingia kwenye skrubu za dekki yako, plaizi ya kukatia (neilikata inakata ila inakufa haraka), na twiza ya seramiki. Nasisitiza seramiki kwa sababu utaishika koili ikiwa inawaka, twiza ya chuma ukibonyeza batani unapiga shoti.

Alafu mita ya omu, yaani ya kupima ukinzani wa koili. Hapa ndo watu wanabana hela na hapa ndo hapatakiwi kubanwa. Nunua ile ndogo ya kufungia tanki juu yake, au tumia mashine yako kama inaonyesha omu kwenye kioo. Mita ya fundi umeme chini ya omu 1 inadanganya kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani, kama huna jinsi gusanisha ncha zake mbili kwanza, uone inasoma ngapi, alafu utoe hiyo kwenye jibu.

HATUA

1. Kata waya, shika ncha moja na kidole gumba dhidi ya biti, zungusha mara 6 huku unavuta kidogo ili mizunguko ikae imebanana. Miguu yote miwili (ncha za waya zilizobaki) itokee upande mmoja au pande mbili kutegemea na dekki yako, angalia nguzo zake zimekaaje kabla hujakunja.

2. Ingiza miguu kwenye nguzo biti ikiwa bado iko ndani ya koili, kaza skrubu lakini sio kwa hasira, waya ni mwembamba utakatika. Chomoa biti, alafu kata miguu iliyozidi iwe sawa na nguzo kabisa. Kipande kidogo cha waya kikibaki kinagusa ukuta au kifuniko, hiyo ni shoti tayari.

3. Pima. Kwa Kanthal geji 26, biti ya mm 3, mizunguko 6, utaona kama omu 0.8. Ikiwa 0.75 au 0.9 hakuna shida, urefu wa miguu unatofautiana. Ikisoma 0.1 kuna kitu kinagusana, ikiwa inarukaruka skrubu haijakaza. Usibonyeze batani mpaka namba itulie.

4. Kuchoma. Weka wati 12, bonyeza sekunde moja, achia, rudia. Hii hatua ndo tamu. Mara ya kwanza utaona inawaka upande, mara nyingi pembeni karibu na mguu, au mzunguko mmoja unang'aa peke yake na wengine wamelala. Usipaniki, pitisha ncha ya twiza juu ya mizunguko kama unakwaruza, achia batani, ibane taratibu ikiwa bado ya moto, bonyeza tena. Baada ya muda utaona wekundu unaanzia katikati unatembea kwenda pembeni zote mbili kwa pamoja, hapo imeiva. Kama mguu ndo unaanza kuwaka siku zote, rudi kwenye skrubu.

5. Pamba, koili ikishapoa. Ile ya vepu au ya asili isiyotiwa dawa wala manukato. Ivute ndani ya koili, inatakiwa ipite kwa kujikwaruza kidogo, koili ikipinda ujue umejaza sana. Kata ncha, zichambue ziwe laini, zilaze kwenye matundu ya likwidi bila kuyaziba.

6. Lowesha pamba yote, subiri dakika kadhaa, anza wati 15. Pamba kavu usiichome hata kwa kujaribu. Mikono nawa, likwidi yenye nikotini inapenya kwenye ngozi, na chupa weka mbali na watoto.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Mkuu nina betri za 18650 nimezitoa kwenye laptop mbovu, zinafaa?

Jibu: Hapana kaka. Umbo ni lile lile lakini zile hazikutengenezwa kutoa ampea nyingi kwa mpigo. Tafuta mfano Samsung 25R, ampea 20, kwa mtu anayeaminika. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9900 kimbia, za kweli haziendi mbali kupita 3600. Na ganda la plastiki likichanika badilisha, betri usiweke mfukoni na funguo.

Dada wa Mombasa: Fundi wa pasi hapa kwetu ana waya wa kuchemshia bure kabisa, si ni ule ule?

Jibu: Dada yangu hapana. Hujui ni mchanganyiko gani, umeungua miaka, na unene wake huujui kwa hiyo hata omu huwezi kukadiria. Hiki kitu unavuta kwenye mapafu.

Mdau mwingine: Nikivuta mara ya tatu mfululizo naonja pamba iliyoungua, tatizo nini?

Jibu: Pamba imebana, au wati kubwa, au huipi nafasi inywe. Likwidi nzito inatembea polepole. Toa pamba, weka mpya, iwe kidogo kuliko ya jana, iliyokwisha ungua haiponi.

Mdau wa Kampala: Waya napata duka gani huku?

Jibu: Ssebo, sheria yenu ya kudhibiti tumbaku ya 2015 inakataza kuingiza na kuuza vepu, kwa hiyo duka sikuelekezi.

Mdau mwingine: Koili moja inakaa muda gani?

Jibu: Ladha ndo itakuambia. Pamba badilisha kila baada ya siku chache, tena haraka zaidi kama likwidi ni tamu sana. Waya ukijaa weusi toa pamba, ichome kavu kidogo, iache ipoe, isugue na mswaki. Nayo ikiwa dhaifu itupe, waya unao.

Mdau wa Dar: Nataka moshi mzito, kuna jamaa kanishauri koili ya omu 0.15 kwenye mashine isiyo na chipu, betri moja. Vipi?

Jibu: Betri ikijaa ni volti 4.2, gawanya kwa 0.15 unapata ampea 28. Betri ya ampea 20 kama ile niliyotaja juu haiwezi, na mashine isiyo na chipu haina cha kukata umeme ikipiga shoti. Florida 2018 na Texas 2019 watu walikufa mashine zilipolipuka usoni. Moshi ukitaka, ongeza koili ya pili kama hiyo hiyo ya 0.8, zote mbili kwenye dekki zinasoma 0.4, mashine iwe na chipu, wati 35 hadi 40, na ufungue hewa yote.